Majina ya Mahali na Nyumba za Kale

Mgeni akifika katika nchi yetu ya Kagera, akapita Bukoba mjini na kuteremka mpaka Muleba, mara nyingi huuliza swali ambalo mwalimu huona taabu kulijibu upesi: “Majengo yenu ya zamani yako wapi?” Kwingineko ameona misikiti ya mawe ya Kilwa na nyumba ndefu za Unguja, tena amesoma habari za ngome za Ulaya. Hapa kwetu Ijumbi haoni ila migomba, mibuni na nyumba za bati. Akiuliza juu ya jengo kongwe la matofali au mawe, huonyeshwa kanisa au nyumba ya misheni, nalo halijapata miaka 140. Basi huondoka akidhani ya kuwa kabla ya hapo watu wa Ihangiro hawakujenga kitu.

Walijenga sana, wala si ovyo. Babu zetu walikaa katika mushonge, nyumba ya mviringo ambayo paa lake la nyasi hushuka toka kileleni mpaka kugusa ardhi, hata usijue paa limekoma wapi na ukuta umeanza wapi. Kiswahili nacho kina neno msonge kwa nyumba ya namna hiyo, na bila shaka maneno haya ni ndugu. Kazi ya kuujenga ilitaka mafundi hasa. Walisimamisha nguzo ndani, wakafunga pete za fito na matete, moja juu ya moja, kubwa chini na ndogo juu, kisha wakapanga nyasi kwa unene hata mvua ya masika isipate njia. Ndani palikuwa na mahali pa wenyeji, mahali pa wageni na mahali pa ng’ombe. Moto uliwaka, moshi wake ukapenya polepole katika nyasi na kuzikausha. Mgeni aliketi akapewa kahawa ya kutafuna kabla hajaulizwa amekuja kwa neno gani. Hata Mukama, ndiye mfalme, katika kikale chake alikaa mushonge vilevile, ila mkubwa zaidi na wenye ua mwingi kuuzunguka.

Lakini nyasi ni nyasi. Mushonge usiotengenezwa kila mara huoza, na mwenye nyumba akifa bila mrithi, haipiti miaka mingi ila mahali pake pamefunikwa na migomba. Baadaye, bei ya kahawa ilipokuwa nzuri kati ya vita vikuu viwili, watu wakaanza kununua bati na kujenga nyumba za pembe nne, na mafundi wa nyasi wakazeeka bila wanafunzi. Leo mwalimu atakaye kuwaonyesha watoto mushonge uliotimia ana kazi ya kuutafuta. Mmoja umejengwa katika Makumbusho ya Kijiji huko Dar es Salaam, lakini toka Ijumbi mpaka huko ni safari ya zaidi ya kilomita 1,300.

Kwa hiyo, mimi huwajibu wageni kwamba majengo yetu ya kale yamo katika majina. Mahali nyumba ilipooza, jina lilibaki limesimama. Wala jambo hili si letu peke yetu. Huko Scotland, nchi iliyojaa mawe, mna miji na vijiji vingi ambavyo majina yake huanza na Kil, kama Kilmarnock. Ni neno la Kigaeli lenye maana ya kanisa au chumba cha mtawa. Pengine kanisa lenyewe lilikwisha kuanguka zamani, halikusalia jiwe juu ya jiwe, lakini wenyeji wangali wakilitaja kila siku waendapo sokoni.

Natuanze na yaliyo mepesi. Kihaya huweka Ka mbele ya jina la kitu kidogo. Kashozi maana yake ni kilima kidogo, nako kuna Ishozi upande wa Kiziba, jina litokalo katika neno lilo hilo. Mapadre waitwao White Fathers walipofika mwaka 1892, walianza kazi yao ya kwanza katika nchi hii pale Kashozi, na jina wakaliacha kama walivyolikuta. Kamachumu nako, machumu ni mikuki. Mtu apitaye leo kwenye uwanda ule wa juu akiwa ndani ya basi, mzigo wa ndizi magotini, anapita juu ya mikuki ya wazee bila kujua. Na ziwa letu, ambalo wazee huliita Lweru, neno lenye asili ya weupe, lilipewa jina la malkia wa Uingereza na Mwingereza Speke, aliyeliona mwaka 1858 kutoka kusini, upande wa Mwanza. Malkia mwenyewe hakuliona hata mara moja maishani mwake. Waganda wana jina lao, Nalubaale, na Wajaluo lao, Nam Lolwe. Wavuvi wakiwa majini hawajaacha majina hayo, wala mvua na mawimbi hayajawauliza wanatumia lipi.

Pengine jina hupata sifa lisiyoitaka. Kashasha ni mahali pa watu wastahivu katika wilaya yetu ya Muleba, lakini watu wa mbali wakiisikia hukumbuka jambo moja tu: ule mwaka 1962 wasichana wa shule ya bweni waliposhikwa na kicheko kisichozuilika, kikaenea hata Nshamba na kwingine, shule zikafungwa. Waganga walikuja, wakapima damu na chakula, wasione sumu wala kijidudu. Kitabu cha kigeni kitajacho Kashasha hukitaja kicheko hicho, kisha hukoma.

Tena yako majina yaliyopandwa. Kila msomaji wa Buhaya ameona mulamula, ule mmea wa majani marefu, unaosimama kwenye mpaka wa kibanja na kibanja. Mmea huo hausumbuki kwa jua wala haufi upesi, nao hukatwa kijiti, kikachomekwa ardhini, kikaota. Neno lenyewe limekaa karibu na kulamula, yaani kuamua shauri. Ndugu wawili wakigombana juu ya mpaka, wazee huenda wakautazama mulamula, nao ndio shahidi usiokula rushwa. Mimi huuhesabu katika majengo ya kale. Iko mistari ya mimea hiyo katika kijiji chetu ambayo imepita umri wa kila nyumba iliyo hai. Ukiifuata utaona ua wa mtu ambaye jina lake hakuna alikumbukaye ila wazee wawili au watatu.

Sasa nataka kukaa kidogo juu ya mahali pamoja, kwa kuwa hapo jina lilipimwa kwa jembe la mtaalamu likaonekana ni la kweli. Katika kijiji cha Katuruka, upande wa Maruku karibu na Bukoba, palikuwa na mti mkubwa ulioitwa Kaiija, maana yake mahali pa uhunzi. Wazee wa pale walisimulia habari za Rugomora Mahe, Mukama wa Kyamutwara, aliyetawala yapata karne ya 17. Walisema kwamba Mukama huyo alitaka kujua mbinguni kuna nini. Akawaagiza wahunzi wamfanyie mnara wa chuma wa kupandia. Wahunzi wakafua chuma chini ya mti ule, mnara ukapanda, ukapanda, mwisho ukaanguka. Msomaji wa Biblia atakumbuka Babeli, wala simlaumu, hata mimi niliikumbuka.

Mwamerika mmoja mtaalamu wa mambo ya kale, jina lake Peter Schmidt, alikaa na wazee hao akawasikiliza kwa subira. Wengine wangaliandika hadithi ile kuwa ngano ya watoto na kuondoka. Yeye aliwauliza, “Mahali penyewe ni wapi?” Wakamwonyesha, na mwaka 1970 akachimba karibu na mti. Chini ya udongo alikuta taka za chuma, vigae vya vyungu vya namna ya kale sana, na makaa ya moto wa wahunzi. Makaa hayo yalipopimwa yalionekana kuwa na umri wa zaidi ya miaka 2,000. Chuma kilifuliwa Katuruka kabla ya Bwana wetu kuzaliwa Bethlehemu.

Tazameni jambo hili vizuri, ndugu zangu. Rugomora Mahe alitawala miaka kama 400 iliyopita tu. Basi si yeye aliyewasha moto ule. Wahunzi wa kwanza walikwisha kufa zamani za zamani, ufalme wake ukiwa bado haujawazwa. Wafalme walipokuja walikuta mahali penye heshima kubwa na jina lake, wakalishika, wakafunga hadithi yao juu yake kama mtu afungavyo mbuzi wake kwenye mti alioukuta. Hadithi ilibadilika, mwenyewe akabadilika, bali jina Kaiija halikubadilika. Tangu niliposoma habari hizo sipendi kusikia mtu akisema “hilo ni jina tu.”

Hayo hayakuishia kwenye shimo la Katuruka. Mwaka 1976 wazee wa Buhaya, ambao walikuwa hawajayeyusha chuma tangu ujana wao kwa sababu majembe ya kiwandani yalikuwa yamewanyang’anya wanunuzi, waliombwa wajenge tanuru tena. Walijenga kwa kumbukumbu. Walichoma nyasi za kinamasi katika shimo, wakaingiza mirija ya udongo ndani sana ili upepo wa mivukuto upate moto kabla ya kufika kwenye makaa, wakavukuta kwa zamu. Chuma kilitoka. Wataalamu wakashangaa, maana kilikuwa na sehemu zilizo karibu na chuma cha pua. Habari ikachapwa mwaka 1978 katika gazeti kubwa la sayansi huko Marekani.

Yafaa niseme pia upande wa pili, maana mwalimu asiyesema upande wa pili hafundishi. Siku hizi watu wengi hutunga maana za majina kwa kupapasa. Mtu husikia jina, akatafuta neno linalofanana nalo, kisha akatunga hadithi ya mzungu aliyeuliza njia na mwenyeji aliyemjibu vibaya. Nchi nzima ya Tanzania imejaa wazungu wa hadithi waliouliza njia! Mimi huuliza kwanza: jina lilikuwapo kabla ya huyo mzungu au sivyo? Nani alikuambia, naye aliambiwa na nani? Marehemu Francis Xavier Lwamgira, aliyekuwa karani mkuu wa wafalme wa Bukoba zama za Waingereza, alikusanya habari za wafalme wa Kiziba kwa kuwauliza wenye kujua, akaziandika kwa Kihaya, na kitabu chake kikachapwa mwaka 1949. Kazi ya namna hiyo huchosha, lakini kutunga maana ya jina ni kazi ya dakika moja.

Na hayo majengo ya mawe na matofali ambayo mgeni huyatafuta, je, yamedumu kuliko majina? Bukoba mjini, Emin Pasha aliweka boma la Wajerumani mwaka 1890. Mwezi wa Juni 1915 Waingereza wakaja kwa meli, wakalibomoa pamoja na mlingoti wa simu ya upepo, wakarudi walikotoka. Miaka 25 tu. Jina la Bukoba likabaki. Tarehe 10 Septemba 2016, mchana, ardhi yenyewe ikatikisika. Watu walikufa, nyumba kwa maelfu zikapasuka au kuanguka, na shule za zamani kama Ihungo na Nyakato zikaharibika vibaya. Kuta zilizojengwa ili zipite umri wa wajukuu zilianguka kwa sekunde chache. Ihungo ikajengwa upya, na mtoto akiulizwa anasoma wapi husema Ihungo, kama baba yake alivyosema.

Lakini nisiyasifu majina kupita kiasi, kwa kuwa nayo huuawa. Sisi watu wa Kagera tuliitwa watu wa Ziwa Magharibi mpaka mwaka 1979, baada ya vita vya Idi Amin. Jimbo Katoliki alilokabidhiwa Laurean Rugambwa mwaka 1953, hapa hapa katika wilaya yetu, liliitwa Rutabo. Mwaka 1960, alipofanywa Kardinali wa kwanza Mwafrika, jina likawa jimbo la Bukoba, na wengi waliozaliwa baadaye hawajui kwamba kijiji cha Rutabo kilipata kuwa jina la jimbo. Wafalme wenyewe, baada ya Uhuru, waliondolewa katika utawala. Vikale vikawa mashamba, na pale Kanazi palipokuwa pa Kahigi wa Kianja, mtu mkubwa wa zamani za Wajerumani, mtoto wa shule hupita akielekea kuchota maji.

Hayo yalifanywa kwa amri na kwa karatasi. Kuna kifo kingine cha majina, nacho hakikuandikwa na mtu. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa katika mkoa wetu. Miaka iliyofuata, wasomaji mnaijua. Waliokufa walikuwa baba na mama, watu wa katikati, wale ambao wangepokea maneno kwa mkono mmoja kutoka kwa wazee na kuyatoa kwa mkono wa pili kwa watoto. Wazazi wangu walikuwa miongoni mwao, mimi nikiwa bado sijaanza shule. Nililelewa na bibi.

Bibi hakujua kusoma. Alinifundisha majina njiani, tukienda kuchota maji au kukata nyasi za kutandika kibanjani. Kila bonde dogo lilikuwa na jina lake, na kila mwinuko, na kila mahali penye jiwe la kunolea panga. Hapa palikuwa na nyumba ya fulani, aliyekwenda Buganda kuchuma pamba asirudi. Pale palifuliwa majembe. Kule usikate mti, wamelala watu. Nikikosea alinirudisha nyuma kwa miguu mpaka mahali penyewe, nikalitaja tena nikiwa nimesimama juu yake. Nilidhani kila mtoto anafundishwa hivyo. Nilipokuwa mkubwa niligundua ya kwamba wenzangu wengi waliolelewa na shangazi mjini, au waliobaki peke yao na ndugu zao wadogo, hawakupata mtu wa kuwarudisha nyuma.

Basi mwaka 2022, kabla ya sensa ya mwezi Agosti, serikali ilitangaza kazi ya anwani za makazi. Kila njia ipewe jina, kila nyumba ipewe namba, kibao kisimamishwe. Ni kazi njema. Gari la wagonjwa halimfikii mtu asiye na anwani. Kijijini kwetu tuliitwa mkutanoni, nami kwa kuwa ni mwalimu nikapewa kalamu niandike majina yatakayopendekezwa.

Vijana walisimama kwanza. Walitaja miji mikubwa, viongozi wa taifa, Uhuru, Umoja, Amani. Nikayaandika. Kisha nikasimama nikasema kwamba njia hizi zilikuwa na majina kabla hatujazaliwa, nikataja yale niliyofundishwa na bibi. Kijana mmoja akacheka, akasema, “Mwalimu, majina hayo ya Kihaya yatasomwa na nani kwenye simu?” Watu wakacheka pamoja naye, na neno lake halikuwa la kipumbavu. Ndipo akainuka mzee mmoja, aliyekuwa amenyamaza kwenye benchi la nyuma, mkongojo mkononi.

“Mwalimu,” akasema, “njia ipitayo kwangu inaitwa jina la nyumba ya babu yangu. Nyumba haipo. Kaburi lake liko chini ya migomba, halina msalaba wala saruji. Mkiiita njia hiyo Dodoma, mimi mwenyewe sitakuwa na cha kuonyesha.”

Nikamjibu, “Tumesikia, waitu.” Mkutano ukakaa kimya kwa muda, kisha wakaendelea. Njia ya mzee ilipata jina lake la zamani, na nyingine chache pia. Zaidi zilipata majina mapya, nami niliyaandika kwa mwandiko mzuri uleule. Mkutano ndio wenye haki ya kuamua, si mwalimu. Lakini niliona siku ile ya kuwa watu waliokataa majina ya kale hawakuyachukia. Hawakuwa wakiyajua. Ukimtajia mtu jina asilolijua, ni kama umemtajia kijiji cha nchi nyingine.

Tangu hapo nina daftari. Watoto wa darasa la sita nimewapa kazi, kila mmoja alete kutoka kwao jina moja la mahali: jina lenyewe, mahali lilipo, maana yake kama ipo, na mtu aliyemwambia. Hili la mwisho nalishikilia sana. Mtoto akileta maana tamu bila jina la msimulizi, namrudisha. Wengine walileta majina yaliyo kwenye vibao vipya, nikayaandika pia, kwa kuwa baada ya miaka 100 yatakuwa ya kale. Mvulana mmoja alileta jina la mulamula. Si la shamba, la mmea wenyewe, unaoitwa kwa jina la mwanamke aliyeupanda baada ya kushinda shauri la kibanja chake mbele ya wazee. Tulikwenda darasa zima kuutazama. Ungali hai, una matawi mengi, na mbuzi alikuwa amefungwa hapo.

Juma lililopita msichana mmoja alileta jina la mteremko ulio nyuma ya shule, mahali tunapopita kila siku, jina ambalo sikupata kulisikia hata kwa bibi. Maana yake aliileta nusu. Alisema ya kuwa zamani palikuwa na nyumba kubwa ya kulala wageni wa Mukama, waliopeleka kodi, kisha akakwama. Nikamwuliza, “Nani alikuambia?” Akasema ni bibi mmoja jirani yao, naye hakumaliza kwa sababu kifua kinambana, hulala tu. Nikatazama saa. Masomo yalikuwa yamebaki mawili. Nikamwomba mwalimu mwenzangu anishikie darasa, nikachukua daftari na kalamu mbili, tukaondoka naye.